Kocha Akikukatisha Tamaa au Akikupotosha Jimu: Mwongozo Kamili wa Kumsikiliza, Kumhoji na Kumkatalia

Dada mwenye kilo 95 anaingia jimu kwa mara ya kwanza. Ameshalipa ada ya mwezi na kununua raba. Kocha anamtazama juu mpaka chini, anamwambia: “Vyuma achana navyo kwanza. Kaa kwenye mashine ya kukimbilia miezi mitatu, mwili ukipungua ndiyo uje.” Baba wa miaka 62 anaambiwa umri wake ni wa kutembea ufukweni tu. Kijana mwembamba anaambiwa kwa mifupa ile, bila sindano hatoki. Mama aliyejifungua juzi anauziwa mkanda wa kutoa jasho tumboni.

Wote wanne wamepotoshwa, na pengine aliyesema hakukusudia kudanganya. Makocha wengi wa jimu zetu, iwe Dar, Mwanza, Mombasa au Nairobi, wamejifunzia kwenye miili yao wenyewe: walianza kupiga vyuma wakiwa vijana, wakajazia, wakaajiriwa. Kilichowafaa wao katika umri ule ndicho wanachomgawia kila anayeingia mlangoni. Wapo pia waliosomea na wanaoijua kazi yao vizuri sana. Shida ni kwamba mteja mgeni hana namna ya kuwatofautisha, kwa sababu wote wanavaa fulana ileile na wote wanaongea kwa uhakika uleule.

Mwongozo huu unakupa namna hiyo. Msimamo wangu ni mmoja: ushauri wa kocha unaulizwa sababu na unapimwa kwa matokeo, na kocha anayeijua kazi yake hachukii lolote kati ya hayo mawili.

Hatua ya 1: Ujue mwili wako kabla hujaambiwa

Neno la kocha humwingia zaidi mtu asiyejua lolote kuhusu hali yake. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, pita zahanati upime presha na sukari, uandike namba zake. Presha ikisoma 180 kwa 110 au zaidi ukiwa umetulia, usiguse chuma kwanza. Muone daktari, ishuke, ndipo uanze. Presha iliyodhibitiwa kwa dawa haikuzuii kufanya mazoezi, ila jifunze kutoa pumzi unaposukuma uzito. Ukibana pumzi huku unasukuma mzigo mkubwa, presha hupaa. Mwaka 1985 watafiti wa Canada waliwapima wanyanyua vyuma wazoefu na wenye afya wakiwa kwenye mashine ya kusukuma kwa miguu, na wastani wao ulifika 320 kwa 250. Mwili wa kijana mzima ulistahimili sekunde hizo chache. Kocha anayemwambia mgonjwa wa presha “bana pumzi, sukuma!” anachezea mishipa ya ubongo wa mtu.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi afahamu kwamba mazoezi nayo hushusha sukari, na viwili hivyo vikikutana vinaweza kumwangusha. Beba juisi au glukosi kwenye begi. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho baridi au kuona kama akili inapotea, kaa chini unywe, hata kama kuna mtu amesimama juu yako anasema umalizie seti.

Lipo na jambo lisiloulizwa sana kwenye jimu, nalo ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu. Pwani na Kanda ya Ziwa, watu wengi wamerithi kinasaba kimoja cha selimundu, yaani AS, na wanaishi bila kuumwa. Mwenye AS anaweza kufanya mazoezi yote. Lakini akisukumwa mfululizo bila kupumzika, kwenye joto, akiwa na kiu, anaweza kuanguka, na wapo waliokufa. Nchini Marekani, baada ya mchezaji wa chuo kikuu kufa hivyo mwaka 2006, michezo ya vyuo ya daraja la juu ilianza kudai wachezaji wapimwe selimundu mwaka 2010. Kama wewe ni AS, mwambie kocha siku ya kwanza, na uamuzi wa kupumzika ubaki mikononi mwako.

Kisha andika lengo lako kwa maneno yako, liwe kitu kinachoonekana: kupanda ngazi mpaka ghorofa ya nne bila kuhema, kubeba ndoo ya lita 20 bila mgongo kuuma, kiuno kupungua sentimita kumi. Usiingie jimu na lengo la “kupendeza”, maana hilo kocha atakutafsiria anavyotaka yeye.

Hatua ya 2: Gawa maneno yake mafungu matatu

Maneno ya kocha huja yamechanganyika. Fungu la kwanza ni maneno juu yako: wewe mvivu, wewe mzee, unene wa ukoo wenu hautoki. La pili ni maelekezo ya kazi: shusha chuma mpaka kifuani, pumzika dakika mbili, panua miguu. La tatu ni mambo ya tiba: dawa unazotumia, maumivu, ujauzito, homoni, vidonge na poda.

Chukua sentensi kama hii: “Mama kwa unene huo benchi litakushinda, shika dambeli za kilo tano ukae wima.” Nusu ya kwanza ni fungu la kwanza, na huna la kufanya nayo, hata kama ni kweli, haikuambii mkono uende wapi. Nusu ya pili ni maelekezo, na huenda ni mazuri. Watu wengi hukosea hapa: wanaudhika na nusu ya kwanza, wanatupa yote, wanaondoka. Au kinyume chake, wanavutiwa na ujuzi wa nusu ya pili mpaka wanameza na ile ya kwanza, wanarudi nyumbani wakiamini miili yao ina kasoro.

Fungu la tatu ndilo la hatari zaidi. Hapo kocha hana mamlaka hata awe na vyeti ukuta mzima. Akikuambia acha dawa za presha kwa sababu sasa unafanya mazoezi, jibu ni hapana, bila mjadala. Dawa hupunguzwa na daktari, kwa vipimo.

Hatua ya 3: Zijue kauli zinazorudiwa kila jimu

Huhitaji kusoma vitabu ili usidanganyike. Kauli potofu ni chache na hurudiwa zilezile. Hizi ndizo ninazoona zinaumiza watu zaidi.

*“Piga tumbo kila siku, kitambi kitakatika.”* Misuli ya tumbo itakuwa imara, lakini mwili hauchomi mafuta ya mahali panapofanyishwa kazi. Mwaka 1971 watafiti waliwapima wachezaji wa tenisi, watu wanaotumia mkono mmoja miaka na miaka, na unene wa mafuta chini ya ngozi haukutofautiana kati ya mkono wa kuchezea na ule mwingine. Kitambi hupungua mwili mzima unapopungua, na hilo linategemea zaidi sahani yako kuliko idadi ya kukunja tumbo.

*“Funga nailoni, mafuta yayeyuke.”* Kinachotoka ni maji na chumvi. Ukinywa lita moja ya maji, kilo yako inarudi palepale. Ubaya wake hauishii kwenye kupoteza pesa ya mkanda. Mwishoni mwa mwaka 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya muda wa kama mwezi mmoja wakijaribu kushusha uzito haraka kwa kujitoa jasho, na mavazi ya mpira ya kutoa jasho yakapigwa marufuku katika mchezo huo. Sasa fikiria Dar mwezi wa pili, chumba kina feni moja, na mtu amejizungushia nailoni chini ya sweta. Kocha anayelisifia hilo, mwekee alama nyekundu kichwani.

*“Mwanamke akishika chuma anakuwa kama dume.”* Kauli hii imewanyima wanawake wengi sana nguvu za mgongo, nyonga na mifupa. Homoni ya testosteroni, inayosaidia mno kujaza misuli, mwanamume anayo zaidi ya mara kumi ya mwanamke. Wanaume wenyewe wanakaa miaka wakihangaika kujaza kifua. Mwanamke hawezi kuamka Jumatatu amejazia kwa bahati mbaya. Anachopata ni mwili uliokaza, mgongo usiolalamika na mifupa inayochelewa kudhoofika baada ya hedhi kukoma.

*“Pungua kwanza ndiyo ushike chuma.”* Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka kila mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu yake mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Halikusema watu wembamba peke yao. Mtu anayejipunguza kwa kula kidogo na kukimbia tu hupoteza mafuta pamoja na misuli. Anayenyanyua huku anapungua hulinda misuli yake. Tena mtu mnene mara nyingi huwa na miguu yenye nguvu kuliko anavyodhani, kwa sababu imebeba mzigo miaka yote. Chuma ndipo mahali anapoweza kuona maendeleo wiki ya pili, wakati kukimbia kunamuumiza magoti na kumchosha moyo wa kuendelea.

*“Umri umekwenda.”* Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichukua wazee kumi waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wengi wao wakiwa na miaka 90 hivi, wakawafanyisha mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Waliomaliza walikuwa tisa, na nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mzee wa miaka 62 ana haki ya kupewa chuma, afundishwe taratibu, aongezewe uzito kama mwingine yeyote. Kuanguka ndani ya nyumba kunawamaliza wazee wetu, na miguu yenye nguvu ndiyo kinga.

*“Usichuchumae mpaka chini, goti litakufa.”* Hofu hii ilienea tangu mwaka 1961, mtafiti mmoja wa Texas alipodai kuchuchumaa hadi chini kunalegeza magoti, waliorudia kupima baadaye hawakuona hivyo. Dada yake ni ile amri ya kwamba goti lisivuke vidole vya mguu. Utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ukilizuia goti lisisogee mbele, mzigo haupotei, unahamia nyonga na mgongo. Kwetu watu wanachuchumaa tangu utotoni: chooni, kwenye beseni la nguo, kwenye jiko la mkaa. Mwenye goti lisilouma achuchumae mpaka pale anapoweza bila mgongo kujikunja. Mwenye goti linalouma aende kwa mtaalamu wa fiziotherapia, maana kocha hawezi kuona ndani ya goti.

*“Usipoumia hujafanya kitu.”* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kauli hii huwapeleka watu hospitali. Misuli kuuma siku moja hadi tatu baada ya zoezi jipya ni kawaida na hupita yenyewe. Maumivu makali ya ghafla katikati ya zoezi, maumivu ya kwenye kiungo, ganzi inayoshuka mguuni, kifua kubana: hayo ni ya kusimama palepale. Kuna na hatari ambayo wengi hawajawahi kuisikia. Mtu asiyezoea akisukumwa kupita kiasi siku ya kwanza, kuchuchumaa mara mamia kwa mfano, misuli inaweza kuvunjika kiasi cha kumwaga uchafu wake kwenye damu, na figo zikazidiwa. Dalili yake kubwa ni mkojo wenye rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, pamoja na misuli kuvimba, kuuma na kukosa nguvu. Hiyo ni dharura. Usisubiri kesho, usinywe dawa za maumivu, nenda hospitali usiku huohuo useme ulifanya mazoezi makali.

Na kama kocha anasema mabingwa hujiua kila siku, mwambie atazame Kaptagat, kwenye kambi ya wakimbiaji wa mbio ndefu nchini Kenya. Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Barcelona mwaka 1992, ndiye kocha wa Eliud Kipchoge. Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 huko Vienna mwaka 2019, ameeleza hadharani kwamba sehemu kubwa ya mazoezi yake huyafanya chini ya uwezo wake wote. Mbio nyingi za kule ni za mwendo wa kuongea.

*“Bila poda, bila sindano, hutoki.”* Protini anayohitaji mtu anayenyanyua vyuma kwa bidii inakadiriwa kuwa gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Zaidi ya hapo faida inakuwa ndogo. Mtu wa kilo 70 anahitaji kama gramu 112. Mayai mawili yana gramu 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, glasi ya maziwa 8, kipande cha samaki au nyama cha gramu 100 kama 25, na gramu 50 za dagaa wakavu zinakaribia 30, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini. Hapo tumeshafika 90, na ugali, wali na chapati bado hatujavihesabu, navyo vina kiasi chake. Poda haidhuru mtu mwenye afya, lakini ni chakula kwenye kopo, na kocha anayekuambia huwezi bila hilo kopo huenda ndiye anayeliuza.

Sindano ni habari nyingine. Homoni za kujaza misuli huuzima mwili usitengeneze za kwake: korodani husinyaa, mbegu hupungua hata kuisha, moyo hutanuka kwa ubaya. Kwa mwanamke sauti huwa nzito na ndevu huota, na baadhi ya hayo hayarudi nyuma hata akiacha. Vidonge vya kunenepesha mwili na makalio vinavyopitishwa kwa siri huwa mara nyingi ni dawa za mzio au deksamethasoni, ambavyo huongeza hamu ya kula na kujaza maji mwilini. Deksamethasoni ikitumiwa muda mrefu kisha ikakatishwa ghafla inaweza kuua. Chai za kupunguza uzito nazo zimekutwa mara nyingi zimetiwa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuleta mshtuko wa moyo na kiharusi. Chochote kisicho na orodha ya viambato inayosomeka, kiache kwa aliyekileta.

Hatua ya 4: Muulize, kwa adabu na pembeni

Kwetu mwalimu ni mwalimu. Kumbishia mbele ya wateja wake ni kumvunjia heshima, na mtu aliyeaibishwa hatakujibu vizuri hata kama anajua jibu. Msubiri amalize, msalimie kama umri unavyotaka, kaeni pembeni. Maswali ni matatu:

Zoezi hili linanisaidiaje kwenye lengo langu?

Tutajuaje kama linafanya kazi, na baada ya wiki ngapi?

Likinishinda au likiniuma, tunabadilisha na lipi?

Unaweza kuanza hivi: “Kocha, samahani, nina swali. Umenipangia kukimbia miezi mitatu bila vyuma. Mimi lengo langu nililoandika ni nguvu za mgongo, maana kazi yangu ni ya kubeba. Naomba unieleweshe kukimbia kunasaidiaje hapo.”

Sikiliza jibu kwa makini. Kocha mzuri atakuelezea kwa maneno unayoyaelewa, au atasema, “Hilo niache nikaangalie, kesho nitakujibu.” Akisema hivyo, mheshimu zaidi. Akibadilisha mpango baada ya kukusikia, mshike huyo. Lakini akijibu “wewe fanya tu”, “mimi nina miaka kumi kwenye hii kazi”, au akacheka na kumwita mwenzake aje akusikie, umeshapata jibu la swali ambalo hukuuliza.

Kwa maneno ya kuudhi, jibu fupi linatosha. Mama anayefundishwa na kijana anaweza kusema: “Mwanangu, nimekuja kujifunza. Niambie mguu niuweke wapi, ya unene tuyaache.” Kijana kwa kocha aliyemzidi umri: “Kaka, mwili wangu naujua. Naomba unielekeze la kufanya.” Yaseme kwa sauti ya chini, usimame hapohapo, uendelee na zoezi. Usicheke ili kumfurahisha. Ukicheka atarudia kesho mbele ya watu wengi zaidi.

Kuna jambo moja halihitaji kwenda pembeni. Kocha akikushika mahali au kwa namna usiyoitaka kwa kisingizio cha kurekebisha mkao, sema kwa sauti watu wasikie: “Usinishike. Nioneshe kwa mwili wako, nitaiga.” Zoezi lolote linaweza kufundishwa bila kumgusa mtu. Akirudia, nenda kwa mwenye jimu siku hiyohiyo, na usimlipe tena yule kocha hata shilingi.

Hatua ya 5: Upime ushauri kwa daftari

Si kila ushauri una jibu la moja kwa moja, na kocha anaweza kuwa sahihi pale unapomtilia shaka. Basi upimeni. Nunua kaunta buku, kila siku uandike tarehe, zoezi, uzito wa chuma, mara ngapi umenyanyua, na umelala saa ngapi. Kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla ya kula, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, ukiwa umetoa pumzi kawaida.

Mizani itumie kwa uangalifu. Uzito wa mtu hupanda na kushuka kilo moja hata mbili kwa siku kwa sababu ya maji, chumvi na choo, na kwa mwanamke mzunguko wa hedhi nao unaingia. Kocha anayekupandisha mizani kila siku na kukugombeza anagombeza maji. Kama unapungua, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Aliyekuahidi kilo kumi kwa wiki mbili anakuuzia njaa na jasho.

Ushauri usio na hatari upe wiki sita. Ndani ya muda huo mtu mgeni anayefuata mpango mzuri, anayelala na kula vizuri, lazima aone uzito anaonyanyua umepanda, na kwa kawaida hupanda sana, kwa sababu mishipa ya fahamu hujifunza kabla misuli haijakua. Daftari likionyesha kilo zilezile za wiki ya kwanza, nenda nalo kwa kocha, ulifungue mbele yake. Hapo mnazungumzia namba, wala hamzozani. Kocha makini atafurahi kuliona. Wengi hawajawahi kuletewa daftari na mteja.

Hatua ya 6: Mambo ya kukataa papo hapo

Haya hayahitaji wiki sita wala maswali: kuambiwa uache dawa ya daktari, kunyimwa maji kama adhabu au “ili mwili ukauke”, kuambiwa uendelee ukiwa na maumivu ya kifua, kizunguzungu au kiungo kilichovimba, sindano au kidonge kutoka kwenye begi la kocha, kuongezewa uzito kwa mashindano wakati mkao umeshaharibika, mjamzito kukatazwa mazoezi yote au kulazimishwa ya kulala chali na kuruka, bila mkunga au daktari kusema neno. Mjamzito asiye na tatizo anashauriwa kupata zile dakika 150 kwa wiki kama wengine, kwa mwendo wa wastani.

Neno ni moja: “Hapana, hilo sifanyi.” Sababu hudaiwi.

Hatua ya 7: Badilisha kocha, au fanya mwenyewe

Anza na mwenye jimu. Mueleze ulichoambiwa, kwa maneno yaleyale, na uombe kocha mwingine. Jimu nyingi zina zaidi ya mmoja, na wengine huja zamu ya asubuhi. Lipa mwezi mmoja mmoja mpaka uwazoee. Punguzo la kulipia mwaka mzima linavutia, lakini linakufunga kwa mtu usiyemjua, na kurudishiwa pesa ni shughuli. Risiti au ujumbe wa malipo kwenye simu usifute.

Unapomtafuta mwingine, usitazame kifua chake. Watazame wateja wake: wapo wanawake, wazee, wanene, na je, wanarudi mwezi wa tatu? Siku ya kwanza anakuuliza magonjwa na dawa kabla hajakupa chuma? Anajua huduma ya kwanza? Anakuonesha mwenyewe, kisha anakuacha ufanye huku anakuangalia, au anachezea simu?

Kocha akikosekana, usiache mazoezi kwa ajili yake. Siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa kwa mfano, fanya haya matano: kuchuchumaa ukiwa umekumbatia dambeli kifuani, pushapu (kwa kuegemea ukuta au benchi kama sakafuni hazijawezekana), kuvuta uzito kuelekea kiunoni ukiwa umeinama mgongo ukiwa umenyooka, kuinua uzito kutoka chini kwa kusukuma nyonga nyuma, na kubeba vitu vizito mikono miwili ukitembea hatua 40. Madumu ya lita kumi ya maji yanafanya kazi ya dambeli. Siku zinazobaki tembea haraka nusu saa, kiasi cha kuweza kuongea ila kuimba kukushinde.

Kwa mazoezi ya kunyanyua, fanya seti tatu za mara nane hadi kumi na mbili, ukipumzika dakika mbili katikati, na uache kila seti ukiwa bado na nguvu za kurudia mara mbili. Wiki mbili za kwanza anza na uzito unaouona mwepesi mno, mpaka mkao ukukae. Ukifikisha mara kumi na mbili kwenye seti zote tatu bila mgongo kujikunja, ongeza kilo mbili, rudi kwenye mara nane, uandike tarehe.